Mgonjwa Ametulia

Fundi Shaibu aliingia wodini kwangu akiwa na miguu miwili, akatoka na mmoja. Aliyeuvunja ni dereva wa lori aliyepinduka njia panda ya Usagara, na aliyeukata ni daktari kwa msumeno wake. Lakini aliyeuua ni mimi, kwa ulimi wangu, mchana kweupe, huku watu wakinisifu. Nimejaribu mara nyingi kulisimulia jambo hili kwa ufupi, na kila mara nimejikuta nikiruka mahali penye aibu. Kwa hiyo nitalieleza siku kwa siku, nisipate pa kujificha.

Ulikuwa mwaka wa sitini na moja, Uhuru ukiwa umebakiza miezi michache. Nilikuwa dresa, kama tulivyoitwa wauguzi wanaume siku zile, katika hospitali moja ndogo kando ya ziwa, njia ya kwenda Pasiansi. Imekwisha kufungwa zamani, na majengo yake leo ni maghala. Mchana nilifunga vidonda, nikachoma sindano na kuandika daftari la wodi ya wanaume. Baada ya magharibi nikasomesha watoto Kurani chuoni. Kwa ajili ya chuo hicho wagonjwa Waislamu waliniita Ustadhi, hata wale walionizidi umri, na wasio Waislamu wakaiga. Jina hilo nililipenda kuliko inavyompasa mtu kulipenda jina. Tena nilikuwa mtunzi wa mashairi. Palipokuwa na maulidi au arusi mjini, watu walizitaka beti zangu, na nilipozisoma nilikuwa nikiwatazama usoni nione zimeingia au hazikuingia.

Mkuu wa wodi alikuwa sista Mwingereza, naye alikwisha kuanza kufunga masanduku yake. Ilijulikana kwamba nafasi ile angeachiwa mmoja wetu, na wengi walinitaja mimi.

Shaibu alikuwa fundi cherehani wa Kirumba, mtu wa miaka hamsini hivi. Alishona kanzu na sare za shule, na mguu wake wa kulia ndio uliokuwa ukiiendesha cherehani tangu ujana wake. Alikuwa mwepesi wa maneno, mwepesi wa kucheka, na kila nikisoma maulidini alikaa safu ya mbele. Jumatatu ile alikuwa akirudi kutoka mnadani lori lilipolala ubavu. Mfupa wa mguu ule ulivunjika chini ya goti. Daktari aliunyoosha, akaufunga plasta ngumu kuanzia pajani hadi kwenye vidole, kisha akatuita sote tuliokuwa zamu.

"Mguu huu utavimba," alisema. "Plasta haitanuki. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au vidole vikipoa, au vikifa ganzi, niiteni saa hiyo hiyo, hata nikiwa nimelala. Hatuwezi kuona ndani. Mdomo wa mgonjwa ndio macho yetu."

Nilimsikia vizuri. Nilirudia agizo lile kwa Kiswahili fasaha ili wenzangu wasikose kulielewa.

Alasiri ya siku ile nilipita vitandani. Nilimsikia Shaibu kabla sijamwona.

"Shikamoo, Mzee Shaibu."

"Marahaba, Ustadhi. Mguu huu unaniua."

"Mfupa uliovunjika huuma, mzee wangu."

"Sivyo. Ulipovunjika sikusikia hivi. Huu unakamuliwa, kama mtu anakamua nguo, akifika mwisho anaanza tena. Mwite daktari aipasue plasta hii. Nakuomba, mwite."

Kitanda cha pili alilala Malimi, mkulima wa pamba aliyepasuliwa ngiri, Msukuma mwenye mdomo usiolala. "Mwite, bwana," alisema. "Tangu adhuhuri tunamsikiliza yeye. Hata ngiri yangu imesahau kuuma."

Wodi nzima ikacheka. Naam, kicheko kile ndicho kilichonichoma, wala si mguu. Mle wodini Waislamu tulikuwa wachache. Wengine walikuwa wavuvi na wakulima, na karani mmoja wa Bukoba aliyesoma kitabu chake cha sala kila jioni bila kutoa sauti. Niliona mtu wa msikitini kwangu, mtu wa safu yangu ya mbele, analia mbele ya watu, nao wanamcheka. Nikainama karibu yake, lakini sikuteremsha sauti.

"Mzee Shaibu. Wewe? Mtu aliyefunga saumu tangu utotoni, leo unashindwa na plasta? Watu hawa wanatutazama. Wataijua dini yetu kwa namna tunavyougua."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Nami, kwa kuwa macho ya wodi nzima yalikuwa juu yangu, nikatunga ubeti pale pale, nikausoma kwa sauti ya maulidini:

*Subira ni ngao yake, mja aliye na dini,*
*Maradhi na yamshike, hatoi neno kinywani,*
*Hata usiku uwake, kwa moto wake mwilini,*
*Siri yake ni ya kwake, na Mola wake Manani.*

Mmoja akasema mashaallah, na mvuvi wa kitanda cha mwisho akaniomba niurudie. Nikaurudia. Malimi akasema, "Haya, mzee, umeshakuwa askari. Askari halii." Shaibu alifumba mdomo wake kama mtu anayefunga mfuko kwa uzi. Akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Niwie radhi, Ustadhi," alisema. "Niliteleza."

Nikampigapiga begani. Nikaenda mezani, nikaandika katika daftari kwa mwandiko wangu mzuri: *Mgonjwa ametulia.*

Ningeweza kusema kwamba nililisahau agizo la daktari, na watu wangeniamini. Sikulisahau. Nililikumbuka nikiwa na kalamu mkononi, na nikajiambia kwamba mtu aliyetulia hana maumivu yanayozidi. Nyumba ya daktari ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Nilikuwa naiona dirishani.

Jumanne nilikuwa zamu tangu asubuhi. Nilimwendea mara tatu, na mara zote tatu nilimwuliza namna moja: "Mzee Shaibu, alhamdulillahi?" Huko hakukuwa kuuliza. Nilikuwa nimelichukua jibu, nikalitia kinywani mwake, kisha nikasimama kumsubiri alimeze. Alinijibu, "Alhamdulillahi." Mara ya pili niliona mdomo wake wa chini umechanika kwa kuumwa na meno, na damu imeganda. Nikaufuta kwa pamba na kumsifu mbele ya wenzake. Nilisema, "Mwamwona mtu huyu?" Wakasema wanamwona.

Kabla ya magharibi, nilipokuwa nakwenda zangu chuoni, aliniita kwa mkono.

"Ustadhi, sasa siusikii kabisa."

"Huusikii nini?"

"Mguu. Umenyamaza."

Nikacheka kwa furaha. "Unaona matunda ya subira?" nikamwambia. Naye akatabasamu kidogo, kama mwanafunzi aliyepasi mtihani.

Nimeyaandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili ya kazi. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angejua kwamba mguu unaonyamaza ndani ya plasta unakufa.

Palikuwa na muuguzi mmoja kijana, Leonsia, binti wa wakulima wa kahawa kutoka upande wa Bukoba, aliyehitimu mwaka uliotangulia. Alikuwa na desturi iliyoniudhi. Badala ya kupita vitandani kama sisi, alivuta kigoda, akaketi hata uso wake ukalingana na uso wa mgonjwa, akauliza swali moja, kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu hata mtazamaji akaona haya kwa niaba yake. Wazee walilia mbele yake. Nilikwisha kumwonya mara mbili. "Unawafundisha kudeka," nilimwambia. Alinijibu kwa adabu, "Ndiyo, kaka Yunus," na kesho yake akavuta kigoda. Malimi alikuwa akisema, "Huyu dada akikuuliza hujambo, jihadhari, anataka jibu."

Jumatatu na Jumanne Leonsia alikuwa wodi ya wanawake. Jumatano asubuhi alirudi kwetu. Nilikuwa ninapanga chupa za dawa kabatini, nami nikamwona akifika kwa Shaibu, nikajua kigoda kitavutwa, kikavutwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mguu unaendeleaje?"

"Alhamdulillahi."

"Hiyo umempa Mungu," alisema Leonsia. "Mimi ni nesi. Nipe na yangu."

Kisha akanyamaza. Niliendelea kupanga chupa. Nilisikia saa ya ukutani. Niligeuka nikitaka kumwambia awahi vitanda vingine, nikamwona Shaibu anatazama dari, na machozi yanamshuka kuelekea masikioni. Hakutoa sauti. Leonsia hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia atapona. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa mzee.

"Juzi uliuma," alisema Shaibu hatimaye. "Uliuma, mwanangu, sijui nikueleze vipi. Jana ukaacha. Sasa ni kama si wangu. Lakini mimi sikusema neno."

Leonsia aliinua blanketi upande wa miguuni. Vidole vilikuwa na rangi ya jivu lililonyeshewa mvua. Alivibonyeza, havikurudisha damu. Akachomoa pini iliyoshika kofia yake, akakichoma kidole gumba. Shaibu alikuwa akimtazama usoni, akisubiri aambiwe kitu. Hakujua kwamba amekwisha kuchomwa.

Leonsia hakukimbia. Aliirudisha pini kofiani, akamwambia Shaibu, "Namwita daktari sasa hivi, nami nitarudi hapa hapa," akatoka. Alipofika mlangoni ndipo nilipomsikia akianza kukimbia.

Plasta ilipasuliwa dakika chache baadaye. Harufu iliyotoka sitaielezea. Mchana ule ule mguu ulikatwa juu ya goti.

Alhamisi daktari alituita ofisini, mimi, Leonsia na sista. Daftari lilikuwa limefunguliwa mbele yake. Alilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari: ametulia, ametulia, ametulia, hana malalamiko. Akaniuliza kama mgonjwa aliwahi kulalamika.

"Daftari linaeleza, Daktari," nikasema.

Hilo si jibu, naye alikuwa mtu mwerevu. Lakini alikuwa amechoka, na miaka mingi nilikuwa nimemzoeza kuniamini. Akatikisa kichwa. Alisema wako watu wanaoficha maumivu yao hata yakawaua, na kwamba hapana muuguzi awezaye kumponya mtu anayejificha. Akaandika kwa mkono wake kwamba mgonjwa hakutoa taarifa. Leonsia alinigeukia. Hakuwapo Jumatatu, hakujua lolote. Aliniangalia tu, kama anavyomwangalia mgonjwa baada ya kuuliza swali. Nikatazama sakafu.

Niliporudi wodini Malimi aliniita.

"Ustadhi, umemsomea daktari lile shairi?"

"Shairi gani?"

"Lile la askari. Nadhani angelipenda." Hakuwa akicheka. "Mimi nilimcheka yule mzee, na Mungu ameniona. Lakini mimi ni mtu wa ngiri, sina daftari."

Jioni alikuja Mwanvua, mkewe Shaibu. Alinikuta barazani, nikiwa nimevaa kanzu tayari kwa chuo. Alikuwa ametoka kumwosha mumewe uso, na alikuwa bado ameshika kitambaa chenye maji.

"Ustadhi, nina neno. Kirumba yote wanasema Shaibu ameuua mguu wake mwenyewe kwa ukaidi. Kaka zangu wanauliza ni mwanamume gani anaoza mguu huku amefunga mdomo. Yeye nikimwuliza anageukia ukutani. Wewe ulikuwapo. Alikwambia kwamba anaumwa, au hakukwambia?"

Nilikuwa na maneno mengi siku zote. Niliyachagua mawili.

"Hakuniambia, Bi Mwanvua."

"Basi kweli ni mjinga," alisema taratibu. Akakamua kile kitambaa, maji yakadondoka sakafuni, akaingia ndani. Mimi nikaenda kuwasomesha watoto. Somo la siku ile lilikuwa habari za manabii, namna walivyougua na kupotewa, wakamlilia Mola wao na kumtajia yaliyowapata, wala hawakuaibika. Mtoto mmoja aliniuliza kama nabii anaruhusiwa kulia. Nikasema ndiyo, anaruhusiwa. Nilikuwa nikiwafundisha hayo miaka kumi.

Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, nilipita wodini. Nilikuwa nimemkwepa Shaibu tangu alipotolewa chumba cha upasuaji. Vidonda vyake vilifungwa na wengine. Aliniona, akaniita kwa jina langu la heshima. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Ustadhi, nakutaka radhi."

"Radhi ya nini, mzee wangu?"

"Jana walipobadilisha bandeji nililia. Nilipiga kelele, wamesikia hata wodi ya wanawake. Nimekuaibisha mbele ya watu. Ulinisomesha vizuri, nami nimeshindwa siku ya nne."

Alisema hayo akiwa na mguu mmoja. Mahali pa wa pili shuka lilikuwa bapa. Nilisikia muadhini wa mbali, na nilijua kwamba nikienda kusimama safuni na neno hili moyoni, nitakuwa nimesimama peke yangu.

Nikakaa sakafuni karibu na kitanda chake. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba alipolia Jumatatu alikuwa akifanya kazi aliyopewa na daktari, na kwamba mimi nilimzuia asiifanye. Nikamwambia juu ya agizo lile, neno kwa neno, na juu ya nyumba ya daktari iliyoonekana dirishani. Nikamwambia maana ya mguu kunyamaza. Nikamwambia nilichoandika, nilichomjibu daktari, na nilichomjibu mkewe.

Alinisikiliza hadi mwisho. Malimi alikuwa ametugeuzia mgongo, lakini hakuwa amelala.

"Kwa hiyo," alisema Shaibu, "kama ningeendelea kupiga kelele?"

"Ungekuwa na mguu."

"Mimi nilitaka kupiga kelele."

"Najua."

"Nilitaka sana, Ustadhi."

Nikamwomba anisamehe.

"Ukitaka niseme nimekusamehe, nitasema," alinijibu. "Siku hizi nimezoea kusema unalotaka kulisikia."

"Usiseme."

"Basi nenda kwa Mwanvua. Mimi nikimwambia, ataona natafuta wa kumtupia lawama."

Sikwenda msikitini Ijumaa ile. Nilimngoja Mwanvua barazani, na alipofika na chakula nikamweleza nikiwa nimesimama mbele yake, mikono yangu sijui pa kuiweka. Aliliweka kapu lake chini. Nilimtarajia anitukane, wanawake wa Kirumba wana maneno, na nilikuwa nikiyataka.

"Jana ulinitazama machoni," alisema tu. "Nikakuamini, nikaingia ndani nikamwita mume wangu mjinga. Nilimwambia usoni." Akaliinua kapu. "Yule aliyeandika kwamba hakusema, umemwambia?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Nikaenda. Daktari alikuwa akila. Akatoka na kitambaa cha mezani mkononi. Nikamwomba aje ofisini, nikafungua daftari, nikamwonyesha mistari yangu, nikasema ni ya uongo yote. Mgonjwa alisema, tena alisema vizuri kuliko wengi. Alieleza namna unavyouma na akaomba plasta ipasuliwe. Daktari aliniuliza swali moja: kwa nini?

"Nilipenda anyamaze," nikamwambia. "Watu walikuwa wakimcheka."

Alifuta aliyoyaandika, akaandika mengine, akaweka sahihi. Kisha akatoa hukumu yake, na mpaka leo sijui kama alikusudia iwe adhabu au darasa. Nilivuliwa zamu za kuandika daftari. Kila asubuhi, kwa miezi mitatu, nifuatane na Leonsia kitanda kwa kitanda, nimbebee kigoda, na nisifumbue mdomo hata mgonjwa awe amemaliza.

Mtu wa maulidini, mbeba kigoda cha binti wa miaka ishirini na mbili. Wodi iliona. Siku za kwanza masikio yangu yaliungua kwa haya hata nikawa sisikii wagonjwa wanasema nini. Malimi, siku aliyoruhusiwa kwenda kwao, alinipa mkono na kuniambia, "Kigoda kinakufaa, Ustadhi," na sikujua ananitukana au ananiaga. Nadhani yote mawili.

Leonsia hakunidhihaki hata mara moja. Nilimwuliza siku moja anawezaje kunyamaza muda wote ule.

"Nahesabu pumzi zao," alisema. "Wengi husema kwenye ya saba au ya nane. Wewe ulikuwa ukiondoka kwenye ya pili, kaka Yunus."

"Na asiposema?"

"Namwambia nilichokiona. Kwamba hakula. Kwamba ameshika shuka. Sikumwambia baba Shaibu jambo lolote la ajabu. Nilimwambia nataka kujua."

Nilijifunza hayo nikiwa mtu mzima, mwenye elimu ya dini na ya lugha, kutoka kwa mtu ambaye hakuwa amewahi kutunga ubeti. Nilijifunza kwamba mgonjwa husikiliza kwanza tunachotaka kusikia, kisha hutupa hicho, kwa sababu anatuhitaji. Na kadiri anavyotuheshimu, ndivyo anavyotupa upesi. Heshima yangu ndiyo iliyokuwa hatari kuliko plasta.

Desemba bendera ilibadilishwa. Watu walicheza barabarani hadi Kirumba, na wodi ilipata mkuu mpya, mtu aliyehamishwa kutoka Tabora. Jamaa zangu walidhani nimeonewa. Wengine walitaka kuandika barua. Nikawazuia, na nilipowaeleza sababu, wachache waliacha kunialika maulidini. Waliobaki walinialika, lakini sikuwa tena na sauti ile.

Shaibu alirudi kwenye kibaraza chake. Alipata cherehani ya kuzungusha kwa mkono, kazi yake ikawa ya polepole, na sare za shule zikaenda kwa mafundi wengine. Nilikuwa nikimtembelea kila Alhamisi kumtazama kovu. Tangu siku ile ya Ijumaa aliacha kuniita Ustadhi, aliniita Yunus. Nilimwuliza anavyojisikia, nikahesabu pumzi, naye akaniambia. Aliniambia kwamba mguu usiokuwapo unamuwasha kwenye unyayo, kwamba alfajiri unabanwa tena vile vile, na kwamba anapoteremka kitandani huukanyagia na kuanguka. Aliniambia namna wateja wanavyoongea na Mwanvua badala ya kuongea naye. Mengine yalikuwa juu yangu, na hakuyapunguza makali. Sikuwa na dawa ya hata moja kati ya hayo. Nilikaa nikayasikia yote.

Msamaha sikumwuliza tena. Mwaka ukapita, na mwingine. Alhamisi moja, alipokuwa akitunga uzi sindanoni, alisema bila kuinua kichwa:

"Yunus, mbona hujaniuliza tena kama nimekusamehe?"

"Naogopa utanijibu kwa adabu."

Uzi ukapita. Akauvuta, akaupima kwa macho, akaukata kwa meno. Mwanvua alikuwa mlangoni akichambua mchele, na mikono yake ilisimama.

"Bado," alisema Shaibu.

Nikasema nimesikia. Akanisogezea kigutu cha mguu nilitazame kovu.